Sindano za sampuli ya kongosho: ipi inafaa kununuliwa?

Anayeagiza sindano za kuchukua sampuli ya uvimbe wa kongosho kwa endoskopi ya altrasaundi (mrija wenye kamera na altrasaundi unaopitishwa mdomoni) aulize jambo moja kabla ya bei: je, chumbani kuna mwanapatholojia wa kukagua sampuli palepale, au sampuli itatiwa kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi tishu, na majibu yasubiriwe? Mapendekezo yangu yanahusu chumba kisicho na mwanapatholojia.

Sindano ya kawaida ya kufyonza, yenye ncha iliyochongwa mshazari, ndiyo iliyotumika tangu Peter Vilmann na wenzake wa Denmark walipoieleza njia hii mwaka 1992. Bei yake ni nafuu na hupenya vizuri, lakini mara nyingi hutoa seli zilizotawanyika, ilhali saratani ya kongosho huwa na makovu mengi na seli chache. Tena uvimbe unaotokana na kinga ya mwili kushambulia kongosho unafanana sana na saratani, na kuutambua kunahitaji kipande cha tishu ambacho mpangilio wake haujavurugika.

Kwa sababu hiyo ninapendelea sindano za kukata, yaani zinazotoa kipande cha tishu, za geji 22 (geji ni kipimo cha unene: namba ikipanda, sindano huwa nyembamba zaidi). Acquire ya Boston Scientific ina ncha ya meno matatu kama taji, muundo ambao daktari Franseen aliueleza mwaka 1941. SharkCore ya Medtronic ina ncha ya uma yenye makali sita. Sindano ikishatolewa, ukisukuma waya ulio ndani yake polepole juu ya karatasi ya kuchuja, hutoka uzi wa damu wenye vipande vyeupe ndani yake, na hivyo vyeupe ndivyo vya kutafuta kwa macho kabla ya kuamua kuchoma tena. Kati ya hizi mbili sioni tofauti ya kumfanya mtu abadilishe msambazaji. ProCore ya Cook, ile yenye mkato ubavuni unaokwangua sindano inaporudi nyuma, ilikuwa hatua muhimu, lakini katika majaribio ya kulinganisha imezidiwa na zote mbili, nami nisingeiagiza upya.

Mwongozo wa 2017 wa chama cha endoskopi cha Ulaya unashauri, pasipo na ukaguzi wa palepale, kuchoma mara 3 hadi 4 kwa sindano ya kufyonza, na mara 2 hadi 3 kwa sindano ya kukata. Katika kila mchomo, ncha ielekezwe sehemu mbalimbali za uvimbe badala ya kupita njia moja. Uvimbe wenye mishipa mingi ya damu usifyonzwe kwa nguvu. Kuvuta waya wa ndani taratibu sindano ikiwa kwenye uvimbe hupunguza damu kwenye sampuli.

Geji 19 hutoa kipande kikubwa, ila ni ngumu, na endoskopi ikiwa imejikunja ndani ya duodeni, mwanzo wa utumbo mwembamba, kufikia kichwa cha kongosho, inaweza kukataa kutoka. Hapo geji 25 hupita kwa wepesi, kwa hiyo katika oda yoyote ningeweka chache za aina hiyo pembeni ya geji 22.

Ni kweli kwamba sindano za kukata ni ghali na kila moja hutumika kwa mgonjwa mmoja tu. Lakini sampuli isipotosha, mgonjwa huyo, ambaye mara nyingi amekwisha kukonda na kupata manjano, hulazimika kufunga tena, kupewa tena dawa ya usingizi na kulipia kipimo upya, huku tiba ya kemikali ikisubiri majibu.