Darasa la tai chi Nguba: kusimama wanafundisha vizuri, haraka ya nini?

Mimi ni mshonaji wa Kadutu, hapa Bukavu, mashini ya miguu, miaka 22 sasa. Mgongo ndio ulionipeleka kwenye hili darasa la Nguba, la tai chi, yale mazoezi ya Kichina ya mwendo wa polepole: dola 15 kwa mwezi, Jumanne na Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi.

Siku ya kwanza hatukufundishwa hata hatua moja. Mwalimu alituvulisha viatu, akavipindua kimoja kimoja. Changu cha kulia kisigino kimelika upande wa ndani. "Papa, huu mguu unakanyaga nini kutwa nzima?" Nikacheka. Pedali, nini tena.

Kisha tukasimama, mikono mbele kama mtu aliyekumbatia mti. Akasema kichwa kikae kana kwamba uzi unakivuta utosini. Wenzangu wakainua videvu, wakakosea. Mimi nilikumbuka ndoo ya maji niliyobeba utotoni: utosi unasukuma juu, kidevu kinarudi ndani kidogo, basi. Mabega ndiyo yaliyonishinda, yalibaki juu kama koti kwenye hanga. Dakika tano, jasho tele, na sijasogea!

Kwenye hatua ya upinde, mguu mmoja mbele umekunjwa, mwingine nyuma umenyooka, goti la mbele lisipite vidole vya mguu, na lielekee vinakoelekea. Langu liliangukia ndani. Hakuligusa, alinishika nyonga, akaizungusha kidogo sana, goti likarudi lenyewe. "Nyonga ikikopa, goti ndilo linalolipa." Hapo pesa yangu ilirudi.

Sasa malalamiko. Sakafu imelala kuelekea ziwani (tambarare ya Bukavu utaipata wapi?), kwa hiyo wa upande wa chini wanajifunza kuegemea. Niliomba tuwe tunabadilishana nafasi, nikaambiwa ndiyo, papa, hadi leo. Jumamosi tunajaa, mkono wa mwalimu unakufikia mara moja tu. Halafu wiki ya tatu tukarukia ule mfululizo wa miondoko 24 uliopangwa China mwaka 1956, wakati nusu yetu bado tunasimama kwa kubinua makalio. Ukutani kuna picha ya Yang Chengfu, mwalimu maarufu wa tai chi wa zamani, tumbo kubwa, mabega yameshuka kabisa. Mzee yule hana haraka.

Mwezi ujao nitalipa tena, lakini nitakuja Jumanne tu, na nitawahi upande wa juu. Kigoda changu cha kazini nimekiongezea mbao mbili, nyonga zikae juu ya magoti. Mteja mmoja ameniuliza kama nimerefuka.