Madirisha ya luva au ya aluminiamu ya kusukuma kwa nyumba ya Mtwara?

Kwa nyumba ya Shangani au Mikindani inayotegemea feni, nachagua luva, yaani vipande vya vioo vya mlalo vinavyoinamishwa kufungua dirisha, bila kusita. Ukizifungua, karibu dirisha zima linapitisha upepo wa kusi. Aluminiamu ya kusukuma hufunguka nusu tu, maana kioo kimoja hujificha nyuma ya kingine. Ila vishikio vya luva vya chuma huliwa na chumvi ya bahari, tafuta vya aluminiamu.

Ukiweka kiyoyozi, mambo hugeuka. Luva hazibani, baridi inavuja katikati ya vioo na uniti za LUKU zinakwisha upesi. Hapo chukua aluminiamu, na kagua mpira wa pembeni kabla fundi hajaondoka.

Upande wa magharibi, dirisha lolote liwekee kivuli kwa nje. Pazia la ndani huzuia jua wakati joto limeshaingia.