Mkahawa mmoja Shangani: pweza mzuri, ila hiyo kamera yenu jamani

Chakula kwanza, haki yao niwape. Pweza wa nazi kaiva vizuri hata meno hayasumbuki, tui zito, ndimu imekaa, na mkate wa kumimina uliletwa wa moto. Bei iko juu kama kwengine kote Shangani ukitaka kula unatazama bahari, hilo sina neno nalo. Chakula nyota nne. Jina siwataji, wenyewe watajijua.

Sasa kuna kijana wao ana kamera kubwa, anapita meza kwa meza kupiga watu picha za kutia Instagram, haombi ruhusa, unashtukia flashi tu usoni. Usiku ule alikuja Mwakilishi mmoja, yaani mjumbe wa Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, na mkewe na watoto, wakajikalia zao kona ya mwisho, kijana huyo kaenda kachutama pale pembeni ya meza anafyatua. Yule mama kavuta mtandio kafunika uso na mkono wa pili anamziba mwanawe mdogo ambaye wali bado uko mdomoni. Asubuhi picha isharushwa, ati karibuni mle wanapokula wakubwa, na huko chini watu washaanza kumchambua mama wa watu, mara mnene mara nguo yake.

Nikampigia meneja, akanambia "dada, yule Mwakilishi ni mtu wa watu na uhuru wa habari upo".

Hapana kaka. Uhuru wa habari mimi nautaka tena sana, mwandishi akimpiga picha Mwakilishi kasinzia barazani kule Chukwani, au gari ya serikali imebeba matofali ya nyumba yake, hiyo nitaisambaza mwenyewe kwa sababu kazi ile tumempa sisi. Lakini mkahawa si gazeti, mlichorusha ni tangazo la biashara, na mke na watoto hawakugombea jimbo lolote. Katiba ya Zanzibar ya 1984 kifungu cha 18 kinalinda uhuru wa maoni, na cha 15 kinalinda faragha ya mtu na familia yake, vyote vimo. Hata huko Ulaya Princess Caroline wa Monaco alishinda 2004 kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu kwa picha alizopigwa yuko kwenye shughuli zake binafsi, halafu 2012 mahakama hiyo hiyo ikamkatalia kwa picha ya mapumziko yake, kwa vile habari iliyoandikwa nayo ilihusu ugonjwa wa baba yake aliyekuwa mtawala wa nchi. Wanaangalia picha inawasaidia nini wananchi, sio umaarufu wa mtu tu.

Picha wameifuta jioni yake, ila kijana bado anazunguka na kamera. Kumwambia aulize "nikupigeni?" kabla hajafyatua ni gharama gani?

Huduma nyota moja. Mkienda na familia ombeni meza za ndani na mumwambie mapema hamtaki picha.