Uzoefu wangu: Mint, Ubuntu na Fedora kwenye steshenari Moshi, urahisi unaishia wapi na usalama unaanzia wapi

Wadau habari za saa hizi. Mi nina steshenari hapa Moshi, pande za Majengo, kazi zangu mnazijua, kuprinti, kuskani, kutoa kopi, kujazia watu fomu za mkopo HESLB, Ajira Portal, mambo ya TRA, na jioni wanafunzi wa chuo cha Ushirika wanaingia na ripoti za fildi kwenye flashi. Mashine ni desktopu za mtumba zile za maofisini plus laptopu yangu, zote zilikuwa Windows 10. Sasa Windows 10 imekatiwa apdeti za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa mpya kuliko hizi zangu, kwa hiyo ilikuwa ninunue mashine nyingine au nihamie Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Nimehamia, na nimezitumia Linux Mint, Ubuntu na Fedora kwa kazi ya wateja kabisa.

Ninachopima ni hivi: distro (yaani aina ya Linux, kama hizo tatu) inafanya nini kwenye usalama pale unapobonyeza neksti, neksti, neksti mpaka mwisho na hujagusa kitu. Maana hivyo ndivyo itakavyokaa mwaka mzima, hasa kama kaunta anakaa mtu mwingine na wewe uko benki au umeenda Kiboriloni kufuata karatasi. Vitu vingi vya ulinzi vinapatikana karibu kwenye kila Linux, distro kubwa zote zina fairwoli (ukuta wa kuzuia miunganisho ya mtandao), ila kuna ambayo imewashwa na kuna ambayo inakusubiri uiwashe, na wengi wetu hatuwashi.

Nianze na Mint maana ndo watu wengi wanapendekezewa. Kwa urahisi aisee Mint wanajua kazi yao. Menyu iko chini kushoto mtu alipoizoea, saa iko chini kulia, printa ukichomeka mara nyingi inatambulika yenyewe, binti anayenisaidia kaunta hakuhitaji kufundishwa zaidi ya kumwonyesha LibreOffice iko wapi na jinsi ya kusevu kwa docx ili mteja akafungue kwake. Alafu kuna hili la flashi ambalo mwenye steshenari yoyote atanielewa: wale virusi wanaoficha mafolda ya mwanafunzi na kumwekea shotikati, kwenye Linux hawafanyi kitu, shotikati ni ya Windows, haifunguki, na mafolda yaliyofichwa yanaonekana wazi kama kawaida. Wanafunzi wameshaacha kulia kwangu kuhusu ripoti iliyopotea. Ila angalizo, kirusi kinabaki kwenye flashi na akienda kuchomeka kwenye Windows ya mwenzake kinaendelea na safari, kwa hiyo usimwambie mteja flashi yake imepona.

Sasa geuza upande wa pili. Mint ikishainstoliwa, fairwoli ipo ila imezimwa. Apdeti za kujiweka zenyewe zimezimwa pia, unaletewa kialama kidogo pale pembeni kwamba kuna apdeti, na mtu wa kaunta mwenye foleni ya wateja watano hiyo alama ataiangalia mpaka Krismasi. Hili linanikera kwa sababu ni kubonyeza tu, unaingia Update Manager kwenye mapendeleo, kuna sehemu ya otomatiki, unawasha, basi. Mbona isiwe imewashwa? Wenyewe Mint msimamo wao ni kwamba mtumiaji aamue na awe na Timeshift ya kurudisha mashine nyuma kama apdeti ikiharibu kitu, nawaelewa, apdeti inayoua printa siku ya dedlaini ya mkopo ni janga. Lakini kumbuka ule udhaifu wa pkexec (programu ya kuendesha amri kwa mamlaka ya juu) uliotangazwa Januari 2022, walioita PwnKit: ulikuwemo tangu 2009, na mtu yeyote mwenye akaunti ya kawaida kwenye mashine alikuwa anaweza kuwa root, yaani mwenye mamlaka yote ya mashine, Ubuntu, Debian, Fedora wote walikuwemo. Kwenye mashine ambayo kila saa anakaa mgeni, kitu kama hicho ukikiacha bila kiraka wiki tatu umeacha mlango wazi.

Kingine cha Mint ni X11, mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha kwenye skrini. Cinnamon, ule mwonekano wa Mint, mpaka sasa ukiingia kawaida unaingia kwenye X11, Wayland ambayo ni mrithi wake wameiweka kama majaribio tangu toleo la 21.3 la Januari 2024. Kwa asiyejua, kwenye X11 programu moja inaweza kusikiliza unachoandika kwenye programu nyingine. Jaribu mwenyewe, fungua terminali, andika xinput test na namba ya kibodi yako, alafu nenda kwenye brauza andika chochote, utaona namba za vitufe zinatiririka kule kwenye terminali, na hamna mtu amekuomba ruhusa. Mi nilipoiona hiyo nilinyamaza kidogo. Paswedi ya mteja ya Ajira Portal, namba yake ya NIDA, vyote vinapita humo. Ni kweli lazima kwanza programu mbaya iwe imeingia kwenye hiyo akaunti, ila ndo hivyo, kwenye steshenari watu wanadownload vitu.

Sasa mbona kaunta bado ni Mint? Kwa sababu ya kitu kinaitwa guest session. Alikuja mzee mmoja kutoka Old Moshi, kaleta hati ya shamba kwenye simu anataka kuprinti, nikamwamkia, nikaanza kazi, akaniuliza, "Kijana, hiyo hati ukishaitoa inabaki humo ndani?" Swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa na mteja. Desktopu za steshenari nyingi hapa mjini zimejaa vyeti vya watu, skani za vitambulisho, CV, mikataba ya nyumba, kila mtu anayekaa anaviona. Na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, sio jambo la utani tena. Mint unaenda kwenye mipangilio ya Login Window unaruhusu wageni, mteja anaingia kama mgeni bila paswedi, anafanya yake, akitoka kila kitu kinafutika, mafaili, historia ya brauza, akaunti alizosahau kutoka. Nikaweza kumjibu yule mzee, hapana baba, haibaki, nikamwonyesha natoka na kuingia tena, folda tupu. Na mtu wa kaunta hajafundishwa chochote, kubonyeza jina moja tu. Hapo urahisi wenyewe ndio umekuwa ulinzi, na hichi kitu Ubuntu waliachana nacho walipohamia mwonekano wa GNOME kwenye toleo la 17.10. Gharama yake ipo, umeme ukikatika mteja hajasevu kwenye flashi kazi imekwenda, kwa hiyo tunawaambia tangu wanakaa.

Ubuntu sasa. Hapa kwa neksti neksti wako mbele ya Mint kwenye jambo moja kubwa: viraka vya usalama vinajiweka vyenyewe kila siku bila kumuuliza mtu. Fairwoli nao wameizima, ila sera yao ni mashine mpya isiwe na huduma zinazosikiliza mtandaoni, ukitoa vichache kama ule wa kutafuta printa. Na tangu 21.04 folda ya nyumbani ya kila mtumiaji imefungwa wengine wasiisome, kabla ya hapo akaunti ya pili kwenye mashine hiyohiyo ilikuwa inaweza kufungua mafaili yako ikasoma. Kwa ofisi yenye akaunti ya bosi na ya wafanyakazi hilo ni kubwa.

Lakini angalieni kilichotokea 24.04. Waliweka kizuizi cha AppArmor (kinga inayobana programu ifanye nini) ili programu ya kawaida isitumie ovyo kitu kinaitwa user namespace, nafasi iliyotengwa ambamo programu inajiona ina mamlaka ya root, maana kimetumika sana kwenye kuvunja keneli, kiini cha Linux. Hatua nzuri. Matokeo yake AppImage nyingi (programu za faili moja zisizoinstoliwa), zile zilizojengwa kwa Electron, yaani juu ya brauza ya Chromium, zikagoma kufunguka, zinalalamika kuhusu sandboksi, kile kizimba cha ulinzi cha programu yenyewe. Na watu walifanya nini? Ukitafuta dawa mtandaoni ya kwanza unayokutana nayo ni kuzima kizuizi chote kwa amri ya sysctl, au kufungua programu kwa no-sandbox, yaani unaondoa hata ulinzi wa ndani wa programu yenyewe. Dawa ya kuiandikia programu hiyo moja profaili yake ipo, ila ni ndefu na ya kwanza ni mstari mmoja wa kukopi. Binadamu atakopi. Ulinzi unaomzuia mtu kazi bila kumwelekeza njia nyingine fupi anautoa wote na anabaki mtupu kuliko alivyokuwa mwanzo.

Fedora ndo iko kwenye laptopu yangu mwenyewe, ile ya mahesabu na miamala. SELinux (kinga inayobana kila huduma iguse nini) imewashwa, Wayland ndo ya kawaida kwenye GNOME tangu Fedora 25 ya 2016, na kusimba diski nzima, yaani kuifunga isisomeke bila paswedi, ni kuweka tiki moja wakati wa kuinstoli. SELinux yenyewe ilitoka NSA ya Marekani mwaka 2000, na hadithi yake ndani ya Fedora naipenda sana. Ilivyoingia Fedora Core 2, katikati ya 2004, sheria zake zilikuwa kali kwa kila kitu, vitu vikawa vinakatika, ikabidi itolewe ikiwa imezimwa. Toleo lililofuata, Core 3 Novemba mwaka huohuo, wakaja na sheria zinazobana huduma zile za hatari tu na kumwachia mtumiaji wa kawaida nafasi yake, wakaiwasha, na imewaka mpaka leo. Waliilegeza ndo ikaweza kubaki. Mi kwenye kazi za kila siku sihisi kama ipo.

Hata hao lakini wana pa kwao. Fairwoli ya Fedora Workstation inakuja imewashwa, safi, ila ukiangalia ndani zile poti (milango ya mtandao) zote kuanzia 1025 hadi 65535 zimeachwa wazi, waliamua hivyo ili watu wasihangaike na programu za kushea mafaili na kadhalika. Kwa nyumbani sawa. Kwa laptopu inayounga waifai ya hoteli na ya stendi mi nimehamisha kwenye zoni ya public, ni kubadilisha jina tu. Alafu kila toleo linasaidiwa miezi kama 13 hivi, unatakiwa upgrade ya nguvu angalau mara moja kwa mwaka, na apdeti zake ni nyingi na nzito, kwa mtu wa bundle la simu hiyo ni hela. Mint 22 na Ubuntu 24.04 unakaa nazo mpaka 2029. Na upya una hatari yake, ule mlango wa siri uliogunduliwa kwenye xz (programu ya kubana mafaili) Machi 2024 ulizikuta Fedora Rawhide, ile ya majaribio, na Debian ya majaribio, wakati Debian stable na Mint zilikuwa bado na xz ya zamani, hazikuguswa.

Kusimba diski nimeweka kwenye laptopu tu. Desktopu ya kaunta umeme ukikatika na kurudi lazima mtu aingize paswedi ndefu kabla hata haijawaka, na mimi sipo, mwisho wa siku ile paswedi inabandikwa kwa karatasi pembeni ya monita. Bora nihakikishe hamna cha mteja kinachobaki humo.

Kuna mdau wa Arusha ananiambia niweke Qubes, ile inayotenganisha kila kazi kwenye mashine pepe yake na madirisha yana rangi tofauti. Naiheshimu sana, ila wenyewe wanashauri RAM ya GB 16 na mi desktopu zangu zina 8, na sioni nikimweleza mteja wa kopi kwa nini faili lake liko dirisha jekundu.

Sasa la mwisho kuhusu kuipata yenyewe, maana ISO (faili la kuinstolia) ya Mint ni karibu GB 3 na najua wengi mtataka kukopiana kwa flashi. Tarehe 20 Februari 2016 tovuti ya Mint ilivamiwa, watu wakaelekezwa kwenye ISO ya Cinnamon 17.3 iliyotiwa mlango wa nyuma, kwa hiyo kupima sha256sum, namba ya kuthibitisha faili halijabadilishwa, kabla ya kuinstoli ni lazima, na ukiweza hakiki na saini ya kidijitali ya GPG kabisa maana aliyebadilisha ISO anaweza kubadilisha na namba. Aliye Moshi au Himo anayetaka kukopi aje na flashi ya GB 8, nitampa bure, ila zile namba za kulinganisha azichukue mwenyewe kwenye tovuti yao kwa simu yake, asichukue kwangu.