Linki na bushi za stebilaiza ya mbele: ununue ipi ukiwa Mtwara au Lindi

Malipo ya korosho yakianza kuingia, gereji za Mtwara hujaa IST, Noah na Probox zenye ugonjwa mmoja: mbele kunagonga. Fundi anazunguka na gari mtaa mmoja, anarudi na orodha ya shokapu mbili, boljointi, tairodi na maunti. Kabla hujafungua pochi, mwombe aanze na linki za stebilaiza. Huwa ni za bei ndogo kuliko vyote vya orodha ile, na ndizo zinazosahaulika.

Stebilaiza ni ile nondo nene iliyopinda, inayopita chini kwa mbele kutoka upande wa tairi la kushoto hadi la kulia. Ukikata kona, gari linataka kulalia upande mmoja. Nondo inajisokota na kulizuia. Katikati imeshikwa na bushi mbili za raba, na kila ncha imefungwa kwa linki, kijiti kifupi chenye kiboli kila mwisho. Nondo yenyewe ni chuma cha miaka mingi. Vinavyokufa ni raba na viboli, na kwa barabara za vumbi za kwenda mashambani, vinakufa mapema.

Kujua kama ni linki, tafuta tuta. Lipande moja kwa moja, taratibu, matairi yote mawili ya mbele kwa pamoja: hapo nondo inazunguka tu ndani ya bushi bila kusokotwa. Kisha rudi ulipande kwa mshazari, tairi moja litangulie. Kama mlio wa ko-ko-ko unazidi mara ya pili, shuku linki au bushi kabla ya shokapu. Halafu ingia chini ushike linki kwa mkono uitikise. Ikicheza, au mpira wa kiboli umechanika na grisi imegeuka tope jekundu, habari yake imekwisha. Angalizo: fundi akiinua tairi moja tu kwa jeki, nondo inakuwa imesokotwa na inaibana linki, kwa hiyo hata mbovu itaonekana nzima. Ama matairi yote mawili ya mbele yawe juu kwenye stendi, ama yote yawe chini.

Sasa tuje dukani. Mpangilio wangu ni huu, na najua mafundi wengine watabisha namba moja.

1. Linki mpya za 555 au CTR, pamoja na bushi za Toyota. Ya kwanza ni ya Japani, ya pili ya Korea Kusini, na zote mbili ni kampuni zilizojijenga kwenye vifaa vya miguu ya gari. Kwa gari la kila siku linalokwenda Masasi leo na Lindi kesho, tofauti yake na ya Toyota sitegemei uione, ila mfuko utaiona. Bushi ndiyo sababu ya kuchanganya. Ni kipande kidogo cha raba, bei yake hata ikiwa ya Toyota haiumizi, na umbo lake likikosea kidogo tu nondo inacheza na unarudi kwenye mlio uleule. Kubania hapo hakuna faida.

Nunua jozi, kushoto na kulia, hata kama moja bado inaonekana nzima. Zimetembea kilomita zilezile.

2. Kila kitu cha Toyota. Hakuna ubaya wowote, isipokuwa bei na hatari ya boksi. Boksi la Toyota huigwa sana, na ukishalipia orijino halafu ukapewa feki umepoteza mara mbili. Namba husaidia: linki za mbele za Toyota kwa kawaida huanza na 48820, bushi 48815, na nondo yenyewe 48811. Kama muuzaji anakuambia ni ya Toyota lakini hawezi kukutajia namba ya kifaa inayolingana na gari lako, rudi kwenye chaguo la kwanza.

3. Used ya Japani, lakini kwa nondo pekee. Hapa watu wengi hukosea kinyume. Ikiwa nondo yako imepinda baada ya kugonga gogo, au sehemu inayokaa bushi imelika, usihangaike na mpya. Used ambayo bado ina umbo lake la kiwandani ni chuma kilekile. Kagua tu kutu na pale bushi zilipokaa. Linki used ni hadithi nyingine kabisa. Kiboli kimeshatumika miaka ughaibuni, mpira umekauka, na wewe unalipa pesa kununua mwisho wa maisha ya kitu.

4. Bushi ngumu za poliyurethani. Za rangi nyekundu au njano, vijana wa Subaru wanazipenda. Zinadumu, hazinywi mafuta ya injini yakivuja, na gari linajibu haraka zaidi kwenye usukani. Tatizo ni vumbi: zikikosa grisi ya silikoni zinalia nyi-nyi kila tuta, na mtetemo mdogo wa barabara unafika ndani. Kwa Noah ya kubeba familia, hapana.

5. Zisizo na jina. Zimefungwa kwenye nailoni nyeupe, hazina namba wala nchi. Muuzaji atakuambia, "Mjomba, hizi zinaenda sana, chukua." Zinaenda kweli, kwa sababu wateja wanazirudia. Ukilazimika, shika kiboli ukizungushe kwa vidole. Kizuri kinakataa kidogo na kusogea kwa uzito uleule pande zote. Kikilegea kama shingo ya kuku aliyechinjwa, rudisha. Tazama pia mpira umebanwa kwa pete juu na chini, na sehemu iliyochomelewa kati ya kijiti na kikombe iwe imezunguka yote.

Nje ya mpangilio ipo nondo nene kuliko ya kiwandani. Cusco wa Japani na Whiteline wa Australia wanazitengeneza kwa magari ya michezo, ya zamani na ya sasa, na mwenye Celica au Impreza anayeipenda lazima ataiulizia. Fahamu hesabu yake kwanza. Ugumu wa nondo isiyo na uwazi ndani hukua kwa kipeo cha nne cha kipenyo (kipenyo × kipenyo × kipenyo × kipenyo), kwa hiyo kutoka milimita 22 kwenda 24 ni ongezeko la takriban asilimia 40, ingawa kwa macho huoni tofauti. Gari halilali kwenye kona, ndiyo. Lakini ukiongeza mbele peke yake, pua inazidi kugoma kuingia kona ukiwa na kasi, na tairi moja likiingia shimoni teke lake linahamia upande wa pili. Kwa lami safi ni raha. Kwa mashimo, kichwa chako kitapigwa kushoto na kulia hadi ufike. Ukiichukua, chukua na bushi za kipenyo kile, za zamani haziingii.

Kuagiza kutoka Dar kuna maana, maana kule Kariakoo na Ilala chaguo ni pana kuliko maduka yetu, na kifurushi kidogo kama hiki hupanda basi. Usimwambie mtu "linki za IST" ukanyamaza. Soma kibati kwenye chumba cha injini umtumie picha: IST ya NCP60, NCP61 na NCP65 si gari moja, na Noah ya AZR60 na AZR65 zinatofautiana kuanzia matairi yanayovuta. Kwa bushi, ongeza kipenyo cha nondo kilichopimwa kwa kalipa baada ya kufuta matope. Magari mengine madogo ya bei ya chini yalitoka kiwandani bila stebilaiza ya mbele kabisa, kwa hiyo chungulia kwanza. Na mkaaji wa Kusini aweke seti moja ya akiba nyumbani. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara kuu maeneo ya Somanga, hata boksi la gramu mia tano halikupita.

Kufunga si kazi kubwa, ila wanaokaa Shangani au Mikindani wajiandae kwa nati zilizoshikana na kutu ya chumvi. Mara nyingi ni grainda. Nati mpya ikikazwa, msumari wa kiboli lazima ushikwe kwa alenki au spana upande wa nyuma. Fundi akiipiga kwa mashine ya upepo bila kushika, msumari unazunguka na kuuchana mpira siku hiyohiyo. Bushi za raba zisipakwe grisi ya kawaida, inazivimbisha. Mkato wake uelekee ulikoelekea wa zamani, na bolti za mwisho zikazwe gari likiwa limesimama kwa matairi yake.

Na ukiambiwa ulipie alaimenti baada ya kubadili linki, kataa. Linki za stebilaiza hazigusi pembe za matairi.