Uzoefu wangu na DuckDB na R: kisanduku kitupu si sifuri

Mimi ni karani wa takwimu katika SACCO ya matatu hapa Nairobi, mwaka wa nne sasa. Ofisi yetu iko ghorofa ya tatu Accra Road, na dirisha likiwa wazi unasikia makanga wakiita abiria tangu alfajiri. Hesabu za kila siku za magari, michango ya wanachama, mikopo na wadhamini wake, vyote hupitia mezani kwangu. Zamani vilikaa kwenye Excel, faili moja kila mwezi, na robo mwaka ikifika nilikuwa nikinakili na kubandika hadi macho yanauma. Tangu mwaka juzi natumia DuckDB, programu ya hifadhidata, kuuliza data, na R, lugha ya kompyuta ya takwimu, kupiga hesabu. Nimeridhika nazo kiasi cha kutaka kila karani wa SACCO azijue, ila lipo jambo lililonitia aibu mbele ya mweka hazina, nami sitaki likupate.

Gharama kwanza, maana ndilo swali la kamati. Zote mbili ni bure kabisa. R ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, na toleo 1.0.0 lilitoka tarehe 29 Februari 2000. DuckDB ni changa zaidi: ilizaliwa katika kituo cha utafiti cha CWI, Amsterdam, ikatolewa kwa umma mwaka 2019, na toleo lake 1.0.0 likaja Juni 2024. Haihitaji seva wala fundi wa kuilinda. Ndani ya R unaandika install.packages("duckdb"), unasubiri, basi. Laptopu yangu ina RAM ya GB 4 tu na imechoka, lakini inasoma hesabu za miaka mitatu kabla sijamaliza kumimina chai. Stima ikipotea jengo zima, naendelea na kazi kwa betri, kwa kuwa kila kitu kiko kwenye faili moja hapo hapo kwenye mashine.

Kitu kilichoniteka ni amri hii:

SELECT * FROM read_csv('hesabu/*.csv', union_by_name = true, filename = true);

Mstari mmoja unaokota mafaili yote ya CSV (majedwali ya maandishi tu) yaliyo kwenye folda, unayaunganisha kwa majina ya safu hata kama Machi safu zilipangwa tofauti na Aprili, na unakuongezea safu ya kuonyesha kila mstari umetoka faili gani. Ukikuta tarakimu ya ajabu unajua urudi kwenye daftari la mwezi upi. Namba za simu nazisoma kwa all_varchar = true, zikae kama maandishi. Ukiziacha zisomwe kama tarakimu, kama read.csv ya R inavyofanya usipoielekeza, sifuri ya mbele inapotea, na 07 inakuwa 7.

Sasa lile jambo. Mwezi wa Agosti mzee mweka hazina alitaka orodha ya wanachama ambao hawajatoa mchango. Nikaandika kwa ujasiri:

SELECT namba, jina FROM wanachama WHERE namba NOT IN (SELECT namba FROM michango WHERE mwezi = '2024-08');

Jibu likaja tupu. Hakuna kosa lililotajwa, hakuna onyo, mistari sifuri. Nikamwambia, "Mzee, wote wamelipa." Akanitazama juu ya miwani. "Binti yangu, jirani yangu wa kule Dandora ameniambia jana kwamba hajalipa. Hebu angalia tena."

Niliangalia hadi saa mbili usiku. Tatizo lilikuwa mstari mmoja tu kwenye jedwali la michango. Mwanachama alilipa kwa paybill akaandika jina la gari mahali pa namba ya uanachama, na aliyeingiza data akakiacha kisanduku cha namba kitupu. Kwa SQL, lugha ya kuuliza data ambayo amri hizi zimeandikwa, kisanduku hicho ni NULL, na NULL maana yake si "hakuna". Maana yake ni "haijulikani". Ukiuliza kama mwanachama 214 hayumo kwenye orodha yenye namba isiyojulikana, SQL inakujibu kwa haki kabisa: sijui, huenda ile isiyojulikana ndiyo 214. Nayo WHERE hupitisha lililo kweli tu, "sijui" haipiti. Kwa hiyo kisanduku kimoja kilifuta orodha nzima ya wadaiwa. Usiilaumu DuckDB kwa hilo, hifadhidata nyingine kama PostgreSQL na MySQL zitakujibu vivyo hivyo, maana ndiyo sheria ya SQL yenyewe. Dawa yake ni NOT EXISTS, au ANTI JOIN, inayobakiza mistari isiyo na mwenzake upande wa pili, ambayo DuckDB inaikubali moja kwa moja:

SELECT w.namba, w.jina FROM wanachama w ANTI JOIN (SELECT namba FROM michango WHERE mwezi = '2024-08') m USING (namba);

Majina 23 yakatokea, na jirani wa Dandora akiwemo.

Tangu siku hiyo nimekuwa mwangalifu sana na visanduku vitupu, na hapo ndipo R ilipoanza kunisaidia kweli. Chukua wiki ya gari moja: 6,000, 5,500, 6,500, tupu, tupu, 7,000, 5,000. Ukiiambia R mean(mapato), yaani wastani, inakujibu NA, alama yake ya kisichojulikana. Inakataa. Haitaki kukisia ulichokusudia hadi uandike na.rm = TRUE (ondoa vitupu) kwa mkono wako. AVG ya SQL haikatai: inaruka vitupu kimya kimya na kukupa 6,000. COUNT(*) inahesabu siku 7, COUNT(mapato) inahesabu 5. Zote ni sahihi kwa maswali yao. Lakini mwenye gari anayetaka kujua kama ataweza kulipa mkopo hapati 6,000 kwa siku, maana gari lilikuwa gereji siku mbili na benki haijali gereji. Kwake jibu ni 30,000 kugawa kwa 7, takriban 4,286, na ndipo COALESCE(mapato, 0), inayoweka sifuri mahali pa kitupu, inapofaa. Ila kabla ya kuweka sifuri napiga simu kwa kondakta. Mara nyingine gari lilifanya kazi na daftari ndilo halikuletwa, na sifuri hapo ingekuwa uongo.

Jambo jingine linalowahusu watu wa SACCO hasa ni wadhamini. Mkopo wa shilingi 120,000, umelipwa mara nne, kila mara 10,000, na una wadhamini watatu. Niliunganisha jedwali la mikopo na la malipo na la wadhamini kwa pamoja, nikajumlisha malipo. Jumla ikatoka 120,000. Mkopo umeisha! Kumbe kila malipo yalijirudia mara tatu, mara moja kwa kila mdhamini, na zile 40,000 za kweli zikavaa sura ya deni lililokwisha. Barua ya kuwaachilia wadhamini ilikuwa imeshachapwa, bado saini. Siku hizi najumlisha kwanza malipo ya kila mkopo, kwa GROUP BY ndani ya WITH, kisha ndipo naunganisha. Katika R, kifurushi cha dplyr tangu toleo 1.1.0 la mwaka 2023 kinatoa onyo mistari mingi ikikutana na mingi. DuckDB haisemi kitu, na natamani ingesema.

Lawama yangu nyingine kwa DuckDB ni kwamba faili lake haliandikwi na programu mbili kwa wakati mmoja. Nikisahau kulifunga kwenye R kwa dbDisconnect(con, shutdown = TRUE), msaidizi wangu akilifungua kwingine anakataliwa. Kama ofisi yenu ina makarani watano wanaoingiza data saa ile ile, wekeni PostgreSQL kwa ajili ya kuingiza, na DuckDB ibaki ya kuchambua. Maelezo ya programu zote mbili pia yameandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo nimemwandikia msaidizi wangu daftari la Kiswahili, ukurasa mmoja kwa kila tatizo, la kwanza likiwa lile la NOT IN.

Kwangu mimi zinastahili nyota nne na nusu, nusu iliyobaki nimeizuia kwa ajili ya onyo lile la wadhamini.

Mzee mweka hazina hagusi kompyuta, lakini sasa kila nikimpelekea ripoti huuliza kwanza, "Vitupu ni vingapi?" Kwa hiyo juu kabisa ya ukurasa, kabla ya jumla yoyote, naweka hesabu ya WHERE namba IS NULL. Mwezi uliopita vilikuwa vitatu. Viwili vimeshapata wenyewe, na cha tatu bado namtafuta aliyelipa.