Kliniki ya macho niliyompeleka mwanangu: nyota 4, ya tano nimeibania

Kijana wangu ana miaka 9, darasani kwao hakuna anayemfikia urefu, na ana Marfan, ule ugonjwa wa vinasaba unaolegeza tishu zinazoshikilia viungo vya mwili. Kabla ya hapa tulikuwa wateja wa duka la miwani, kila mwaka namba inapanda, tunauziwa fremu mpya, dogo bado daftari analisoma pua imegusa karatasi. Mwisho ndo tukaambiwa lenzi ya jicho "imesogea kidogo". Kidogo kiasi gani? Kimya.

Hapa kwanza wanamtia matone, yanawasha balaa, mtoto kalia, tukakaa benchi kama dakika 40 halafu wakaongeza tena. Nikataka kuwaka, daktari akasema mama subiri, mboni isipofunguka vizuri ukingo wa lenzi unajificha nyuma ya ile sehemu yenye rangi, utaambiwa hamna kitu na kitu kipo. Akamwegemeza kidevu kwenye mashine, akaniita na mimi nichungulie. Jamani! Ule ukingo umepinda kama mwezi mchanga, na vile vinyuzi vinavyoishikilia lenzi vinaonekana vimevutika, vingine havipo. Kumbe vinyuzi vyenyewe ni vya fibrilini, protini ile ile yenye kasoro kwa watu wa Marfan. Lenzi imepanda juu na kwenda upande wa sikio, ndo inavyokuwa mara nyingi kwa Marfan, ingeshuka chini upande wa pua angewaza homosistinuria, ugonjwa mwingine wa kurithi unaosogeza lenzi, na kutaka vipimo vya damu.

Sasa daraja, yaani lenzi imesogea kwa kiasi gani. Daktari anaangalia mboni ikiwa imefunguka yote, lenzi imeacha wazi sehemu gani: mpaka robo ni hafifu, robo mpaka nusu ni ya kati, ikizidi nusu ni kali. Jicho la kulia hafifu, la kushoto la kati. Akachora macho yote mawili kwenye karatasi, na tarehe juu. Hicho tu ndo nilikuwa nakitafuta miaka yote, maana "kidogo" ya mwaka huu utailinganisha vipi na "kidogo" ya mwakani?

Nikauliza basi la kushoto linapasuliwa? Akasema daraja peke yake haliamui, ukingo ukikata katikati ya mboni mtoto anaweza kuona vibaya kuliko yule ambaye lenzi imeshatoka njiani kabisa, huyo miwani mizito inaweza kumtosha. Na kabla hatujatoka akauliza eko ya moyo (kile kipimo cha picha ya moyo) mara ya mwisho lini, kwa sababu kwenye vigezo vya 2010 vya kutambua Marfan lenzi na mshipa mkuu wa moyo ndo vinabeba uzito mkubwa.

Nyota niliyobania ni ya foleni, na bei ya matone kuisikia dirishani wakati wa kulipa. Pia hakuna aliyetuambia tuje na miwani ya jua, tumetoka saa 7 mchana mboni wazi, ikabidi nimfunike kanga kichwani mpaka kwenye bajaji, kanuna huyo.

Mchoro nimeulaminisha. Tunarudi nao baada ya miezi 6, na kofia nabeba.